Vamdara Haijibu

Jumatatu mchana Vamdara iliacha kujibu, na Asalbegim akaanza kwa kujilaumu mwenyewe. Hiyo ndiyo tabia yake. Chai ikimwagika chumba cha pili, yeye huuliza kama ndiye aliyeiweka vibaya.

Zilibaki siku tatu. Alhamisi saa nne asubuhi mkaguzi Qodirov wa kutoka mji mkuu angeingia katika ofisi ya maafa ya wilaya, abonyeze kitufe kimoja, kisha atazame saa. Vijiji vitatu vya juu ya bonde, yaani Yangoz, Rubosh na Vamdara, vilitakiwa kujibu ndani ya dakika kumi: watu wangapi wametoka kwenda mwinukoni, na wangapi wamebaki ndani. Asibaki mtu. Kijiji kimoja tu kikikaa kimya, au kikiacha hata mtu mmoja ndani, vyote vitatu vingehamishiwa tambarare, kwenye joto na mashamba ya pamba, kwa sababu ziwa la barafu lililo juu ya vichwa vyao lilikuwa likivimba kila kiangazi na serikali ilikuwa imechoka kuliogopa. Bibi yake Asalbegim alihamishwa hivyohivyo akiwa na miaka sita. Walirudi kwa miguu miaka kumi baadaye, wachache kuliko walioondoka. Kwa hiyo usimwambie Asalbegim kwamba tambarare kuna shule nzuri na barabara za lami. Atakusikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha atarudi kwenye kompyuta yake.

Mtambo aliujenga yeye. Juu kando ya ziwa kulikuwa na kipimo cha maji. Ofisini kulikuwa na kompyuta inayotangaza. Na katika kila kijiji, nyumbani kwa mtunzaji, kulikuwa na kisanduku chenye taa, vitufe vya kuandikia hesabu, na waya unaopanda hadi kwenye king'ora juu ya paa. Vyote vilizungumza kwa antena zilizosimikwa milimani, maana simu za mkononi huko juu hazishiki kitu.

Ili visanduku viweze kuzungumza, alitumia maktaba. Wenye kompyuta huita hivyo kazi ambazo wengine wamekwisha kuziandika, wewe unaziita tu zikufanyie. Maktaba hii kazi yake ilikuwa moja, kubeba ujumbe kutoka kompyuta hadi kompyuta, na ukurasa wake wa kwanza uliahidi kwamba mtu ataanza kutuma ndani ya dakika tano. Aliyeandika ahadi hiyo hakuwa mwongo, ila kompyuta zake zote mbili zilikuwa juu ya meza moja.

Wiki ya kwanza haukufika hata ujumbe mmoja. Ikaja kuonekana kwamba pande zote mbili zilikuwa zimekaa nyumbani zikisubiri kutembelewa. Kumbe upande mmoja lazima ukae mahali panapojulikana, na mwingine uende kubisha hodi. Akarekebisha. Wiki ya pili vijiji vilibisha hodi vizuri, vikafunguliwa, na bado havikusikia kitu. Alisoma maelekezo mpaka akaona mstari mmoja mdogo: kila msikilizaji ni lazima aseme anataka kusikia habari gani. Yeye alidhani asiyechagua hupewa zote. Kumbe hapewi hata moja. Wiki ya tatu maneno ya kwanza ya kila asubuhi yalipotea, kwa kuwa ofisi ilianza kutangaza pindi tu ilipowashwa, vijiji vikiwa bado njiani. Hilo lilimchekesha, maana kwao hakuna mtu anayetoa habari kabla wageni hawajaketi. Akaifundisha ofisi kusubiri.

Mwezi mzima baada ya hapo kila kitu kilikwenda sawa. Jumapili akavitumia visanduku vyote programu mpya, marekebisho madogo tu. Jumatatu, Vamdara kimya.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba ofisini kila kitu kilionekana kizuri. Ujumbe ulitoka, kompyuta ikasema umetumwa. Maktaba ile ina tabia moja: mtangazaji akitangaza na msikilizaji hayupo, maneno hutupwa. Hakuna kosa linaloandikwa, hakuna taa nyekundu, hakuna wa kulalamika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema watu, lakini hiki kilikuwa kimya cha kukanyaga zulia.

Akashika kazi. Aliirudisha programu ya zamani ofisini, hakuna kitu. Aliita antena ya Vamdara, nayo ikaitika mara moja. Kwa hiyo njia ilikuwa nzima mpaka mlangoni, na betri ilikuwa nzima vilevile, kwa sababu antena na kisanduku vilinyonya betri moja. Ni kisanduku tu kilichokufa. Na nani aliyekigusa mara ya mwisho? Ni yeye, Jumapili. Jumanne kutwa nzima alikaa na kisanduku cha akiba mezani, akakipa programu ileile, akakizima, akakiwasha, akakitikisa kama tikiti maji, akijaribu kukiua kwa namna ileile. Kikakataa kufa. Kilijibu kila kitu alichokiuliza, kwa adabu ya kuudhi.

Wakati anafanya hayo, ofisi nzima ilikuwa msibani. Mzee Nazarmamad wa Vamdara alifariki Jumatatu karibu na adhuhuri, na mkewe, Soibsulton, ndiye mtunzaji wa kisanduku cha huko. Jumanne watu walipanda wote kwenda kuzika. Asalbegim peke yake ndiye aliyetuma salamu kwamba angekuja baada ya Alhamisi. Salamu hizo zilipokewa kwa midomo iliyobanwa. Katika bonde lile msiba hauwekwi kwenye foleni ya shughuli.

Jioni Ilchibek, dereva wa ofisi, alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ilchibek ana umri wa baba yake Asalbegim na hajawahi kumwita jina lake tangu alipohitimu chuo.

"Mhandisi, bado unakipigia magoti hicho kidude?"

Asalbegim akamwambia kwamba kisanduku cha Vamdara amekiua yeye mwenyewe kwa mikono yake. Ilchibek akasema huenda ni panya, yeye husingizia panya kila kitu, hata gari likikataa kuwaka. Kisha akasimulia mazishi. Watu walikuja kutoka bonde zima, mikate iliisha mara mbili ikaokwa tena, mzee alipendwa.

"Nilipofika darajani nikazima redio ya gari, unajua tena. Basi mmoja wa abiria wangu simu yake ikaanza kuimba wimbo wa harusi. Nikamshusha palepale. Nikamwambia, tembea mpaka uone haya."

Asalbegim aliacha kuandika. Siku tatu za msiba hakuna ngoma, hakuna redio, hakuna runinga, hata watoto hukatazwa kuimba. Yeye mwenyewe, bibi yake alipofariki, aliinyamazisha simu siku zote tatu bila kuambiwa na mtu. Lilikuwa jambo la kawaida mno kwake, kama kuvua viatu mlangoni, na kwa ajili hiyohiyo halikumjia kichwani hata mara moja.

"Mjomba," alisema polepole, "kisanduku changu ni kitu cha kuimba?"

"Kile? Mwezi jana kilipojaribiwa kililia mpaka mama mkwe wangu akatubu dhambi ambazo hatukuzijua." Ilchibek akamtazama, na tabasamu likamtoka taratibu. "Lo, binti. Mama yule amekizima."

Aibu ilimchoma masikio. Kama angekwenda msibani asubuhi ile kama watu wengine, angekiona kisanduku kwa macho yake na kazi ingekuwa imekwisha. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na yeye alikuwa ameirusha siku mbili nzima kutoka kwenye kiti. Akampigia mkuu wa wilaya kuomba jaribio liahirishwe. Mkuu alikuwa amekwisha kuomba, na Qodirov amekataa: Ijumaa tume ya kuhamisha vijiji inatia sahihi, msiba au harusi.

Jumatano asubuhi Ilchibek alimfikisha mpaka pale barabara ilipokatwa na maporomoko, na kutoka hapo akapanda kwa miguu saa moja na nusu, mgongoni kompyuta, mkononi mikate na sukari ya rambirambi. Viatu vilianza kabla ya mlango. Vilipangwa safu kwa safu kutoka kizingitini hadi chini ya miti ya aprikoti, viatu vya watu wa Rubosh, wa Yangoz, wa mjini, mabuti ya wachungaji. Alivihesabu alipokuwa akivua vyake, kwa mazoea ya kazi, na alipofika mia moja na themanini akaacha.

Hakuuliza habari za kisanduku. Aliibusu mikono ya wazee, akaketi upande wa wanawake, akalia, na alilia kweli, kwa kuwa Nazarmamad ndiye aliyepanda juu ya paa majira ya kuchipua kushikilia ngazi yake alipofunga king'ora. Akanywa bakuli la kwanza la chai ya maziwa yenye chumvi na siagi. Alipopewa la pili, Soibsulton, mwanamke mwembamba mwenye macho makavu, alimgeukia.

"Umekuja kwa Nazarmamad au kwa sanduku lako?"

"Kwa vyote viwili, bibi. Na kwa Nazarmamad nimechelewa."

Jibu hilo lilimridhisha kidogo. Akasema kisanduku kipo ghalani, amekifunga kitambaa, na alikizima kwa mkono wake kabla mzee hajapoa. Hakukizima kwa ubaya. Lakini kitu chenye sauti hakikai katika nyumba ya msiba, na kama mkaguzi wa mji mkuu hajui hilo, basi mama yake ndiye wa kuulizwa.

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Asalbegim hakubishana nao. Ungebishana vipi na jambo ambalo wewe mwenyewe unaliamini? Aliliweka bakuli chini.

"Bibi, mlangoni kuna viatu jozi ngapi?"

"Aliyefiwa hahesabu viatu."

"Mimi nimehesabu, nimechoka nikaacha. Vamdara ina watu sitini na watatu. Leo hapa wamezidi mia na themanini. Siku mnayokizima ndiyo siku bonde zima limeketi chini ya paa hili. Maji yakishuka leo, hakuna kijiji kitakachobaki na mtu wa kuzika wenzake."

Mtu mmoja upande wa wanaume alikohoa. Soibsulton alitazama mikono yake, na Asalbegim akaogopa kwamba amevuka mpaka, kwamba ameleta kompyuta katika kilio cha mtu na hatasamehewa.

"Mafuriko hayana adabu ya msiba," mama yule alisema hatimaye. "Siku yakija yenyewe, acha lipige kelele mpaka Nazarmamad asikie huko aliko. Lakini kesho ni mchezo wa mkaguzi. Kwa ajili ya mchezo, king'ora hakilii juu ya nyumba hii."

Asalbegim alitamani kumrukia na kumkumbatia, maana mama yule, bila kujua, alikuwa amemtatulia tatizo. Si msikilizaji ndiye anayesema anataka kusikia nini? Alikuwa ametumia wiki nzima kuilaani kanuni hiyo, na sasa ndiyo iliyomwokoa.

Aliingia ghalani, akakifungua kisanduku kitambaa chake, akaketi kati ya magunia ya unga wa matunda makavu ya forosadi, mlango ukiwa wazi ili apate mwanga. Mabadiliko hayakuwa mengi. Kuanzia sasa kila tangazo lingetoka na kichwa chake, hatari au jaribio. Pembeni mwa kisanduku kulikuwa na swichi isiyo na kazi, akaipa kazi ya msiba. Ikiwashwa, hatari hupiga king'ora kama siku zote, lakini jaribio huwasha taa tu. Tena akaongeza jambo ambalo lilipaswa kuwepo tangu mwanzo: kila dakika kila kisanduku kiiambie ofisi kwamba kipo, ili kijiji kikinyamaza ofisi ijue saa ileile, isikae siku mbili ikijisifu kwamba imetuma.

Aliuondoa waya wa king'ora, akaifanya kompyuta yake ijifanye ofisi, akatuma jaribio la kwanza. Taa haikuwaka. Alisoma mistari yake upya mara mbili kabla hajaona kwamba ameitangazia hewa: alikiwasha kisanduku na kutuma papo hapo, kosa lake lilelile la wiki ya tatu. Akahesabu mpaka kumi, akatuma tena. Taa ikawaka, ya manjano, kimya kabisa. Akatuma mara ishirini, na mara zote ishirini ikawaka.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko programu yote. Ilimbidi aurudishe waya wa king'ora. Kama kuna mahali alipokosea, kesho saa nne kingelia juu ya msiba, na yeye asingeweza kukanyaga Vamdara tena maisha yake yote. Akazikaza skrubu moja moja. Kisha kwa kompyuta ileile akatuma jaribio la mwisho, waya ukiwa mahali pake. Taa. Hakuna sauti. Akafuta jasho kwa kitambaa kilichokuwa kimefunga kisanduku.

Alipokwenda kuaga alimweleza Soibsulton swichi na taa, na kwamba mtu aketi karibu nacho kesho asubuhi, awatoe watu mpaka mwinukoni, kisha aandike namba mbili: waliotoka na waliobaki. Akamwomba achague mtu mwingine wa kufanya hivyo. Hakuthubutu kuendelea. Mjane havuki kizingiti kabla ya siku tatu kutimia tangu mazishi, kila mtu anajua hilo, na siku ya tatu haitimii mpaka taa ya marehemu iwashwe usiku. Qodirov hataki mtu abaki ndani. Namba ya pili, kwa vyovyote vile, ingekuwa moja. Au mtu angeandika uongo, na Soibsulton hakuwa mtu wa kuruhusu uongo. Kila jaribio aliripoti hata waliochelewa kwa sababu ya ukaidi, akiwataja majina.

"Nitaona," alisema Soibsulton.

Njiani kushuka Asalbegim alijikemea: kwa nini hukumwambia? Akajijibu kwamba kuna mambo mtu humwombi mwenzake siku moja baada ya kuzika, hata kama kijiji chako kinahamishwa. Kisha akajikemea tena. Aliendelea hivyo mpaka kwenye gari. Usiku ule akaiweka programu mpya kwenye kompyuta ya ofisi, akaituma pia kwa visanduku vya Yangoz na Rubosh.

Alhamisi Qodirov aliingia saa nne kasoro dakika mbili, mtu mrefu mwenye mafua, akaomba radhi kwa mafua yake, akaketi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi yake ilikuwa na visanduku vitatu vya kuwekwa alama. Kwenye kioo cha kompyuta vijiji vitatu viliripoti kwamba vipo. Akabonyeza.

Visanduku vyote vitatu vilijibu kwamba vimesikia. Dakika ya nne Yangoz ikaleta hesabu yake: waliotoka themanini na wanane, waliobaki hakuna. Dakika ya sita Rubosh: mia moja na ishirini, waliobaki hakuna. Qodirov akaweka alama mbili, akapenga kamasi.

Dakika ya saba, kimya. Ilchibek alikuwa amesimama mlangoni ambako hakuna aliyemwita. Dakika ya nane. Asalbegim alijua kwamba mtambo umefanya kazi yake, taa inawaka pale ghalani wakati huu, na kwamba kilichobaki hakimo tena ndani ya programu yoyote. Alikuwa amefika mwisho wa kazi ambayo mtu anaweza kuifanya kwa vidole. Dakika ya tisa Qodirov akaigeuza saa yake ili aione vizuri.

Mstari ukaingia.

Vamdara. Waliotoka: 214. Waliobaki: 0. Mtunzaji: Soibsulton.

Qodirov alisogeza karatasi zake. Daftari linasema Vamdara ina watu sitini na watatu, alisema, kwa hiyo mtambo umekosea, na itabidi aandike hivyo.

"Haujakosea," alisema Asalbegim. "Wako msibani. Watu wametoka bonde zima kuja pale."

"Nani amehesabu?"

"Mwenye msiba."

"Na huyo Soibsulton hawezi kuandika sifuri ili kutufurahisha?"

Ilchibek ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. "Mheshimiwa, mama yule hajawahi kumfurahisha mtu."

Mkaguzi aliisoma namba upya. Watu mia mbili na kumi na wanne chini ya paa moja, alisema kama anayejisemea, na wametoka wote kwa dakika tisa. Akaweka alama ya tatu na kutia sahihi chini yake. Alipoinua uso alimkuta mhandisi analia, machozi yanashuka mpaka kwenye kibodi, na akasema kwa upole kwamba hakuna sababu ya kulia, vijiji vyao vimefaulu, hakuna atakayehamishwa.

"Ametoka nje," alisema Asalbegim. "Mumewe hajatimiza siku tatu, na yeye ametoka nje."

Qodirov alisubiri maelezo mengine, hakupewa. Ilchibek alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani kwa mikono miwili. Asalbegim alijifuta uso kwa kiganja, akavuta kibodi, akawaandikia Vamdara kwamba hali ni salama na warudi ndani, kisha akakaa kusubiri kisanduku kijibu kwamba kimesikia.